Mbiru: Kodi, Vita vya Wengine na Kauli ya Wapare

Maneno ya kodi na utawala katika Kiswahili yana historia ndefu, na aghalabu maana zake za leo hufunika majeraha ya jana. Hongo, ambalo sasa ni jina la rushwa, hapo kale lilikuwa jina la ushuru uliolipwa mchana kweupe: misafara ya pwani ilipopanda bara ilimpa kila mtawala haki yake, ndipo ikapewa njia, maji na usalama. Kipande kilikuwa karatasi ya kibarua iliyohesabu siku zake za kazi. Manamba alikuwa mtu aliyeacha jina lake nyumbani akapewa namba katika shamba la mkonge. Kariakoo, linalotajwa kila siku na wauzaji na wanunuzi wa Dar es Salaam, ni mabaki ya jina la kikosi cha wapagazi wa vita vya Wazungu. Katika msafara huo wa maneno limo moja lisilojulikana sana visiwani wala mwambao, nalo ni mbiru, neno la watu wa milima ya Upare.

Mnamo Januari 1945, vita vikuu vya pili vikiwa vingali vinaendelea, maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani hadi Same, mji mdogo ulioko chini ya milima, penye ukame, vumbi na kituo cha garimoshi. Hapo ndipo ilipokuwa boma ya wilaya. Hawakuja na mikuki. Walikuja na neno moja: kwamba kodi mpya iitwayo mbiru hawataikubali. Walipoambiwa warudi makwao hawakurudi. Waliketi. Walikaa siku, wiki, kisha miezi, wakipokezana kwa zamu, huku chakula kikiteremshwa kutoka vijijini na wake zao, mama zao na watoto wao. Serikali iliyokuwa na majeshi Burma ikajikuta inatazamana na wakulima waliokaa kitako.

Kisa hicho kimeandikwa kwa kina na mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe mtu wa Upare, katika kijitabu chake cha mwaka 1971 juu ya mbiru na katika kazi zake za baadaye. Aghalabu hutajwa kama sura moja ya harakati za kudai uhuru wa Tanganyika, na hapana shaka ndivyo kilivyo. Lakini ndani yake mna swali la zamani kuliko chama chochote cha siasa: serikali ina haki ya kuingia hadi wapi katika nyumba ya mtu, na nani aliyeipa haki hiyo?

Ili kulielewa jibu la Wapare, sharti kwanza kuitazama nchi yao. Milima ya Upare imesimama baina ya Usambara na Kilimanjaro, imegawanyika kaskazini na kusini, na kilele chake kirefu, Shengena, kinapita mita 2,400. Juu kuna ukungu, migomba na misitu. Chini, upande wa Same, kuna nyika kavu. Maji ndiyo uhai wa nchi hiyo, na Wapare walijifunza tangu enzi za kale kuyatunza. Walichimba ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya vijito usiku, yakafunguliwa asubuhi kwenda mashambani kwa mifereji. Ndiva haijengwi na mtu mmoja wala haifukuliwi tope na mtu mmoja. Kazi hiyo ilifanywa kwa msaragambo, kazi ya pamoja iliyoitwa kwa mbiu, na kila nyumba ikatoa mtu wake. Asiyefika alitozwa faini, na aliyefika alijua zamu yake ya maji itafika. Neno msaragambo limetoka milimani humo likaenea sehemu nyingi za Tanzania.

Basi Wapare hawakuwa watu wasiojua wajibu. Wala hawakuwa watu wasiojua dola. Huko Ugweno, upande wa kaskazini, masimulizi yanaeleza jinsi ukoo wa wahunzi, Washana, ulivyoshika utawala kwa nguvu ya chuma, hadi ukapinduliwa na ukoo wa Wasuya, ambao waliupanga upya ufalme, wakaweka mabaraza, na wakatumia jando la msituni kuwafunga vijana wote katika utii mmoja. Kusini utawala ulikuwa wa koo ndogondogo zaidi, kila mfumwa na mlima wake. Kote huko mtawala alipelekewa kitu na raia wake, kazi au mali, na ushuru huo ndio uliokuwa na asili ya jina la mbiru. Lakini aliyepelekewa naye alikuwa na deni. Alitazamiwa awe na chakula siku ya njaa, aamue magomvi, asimamie matambiko ya mvua. Mfumwa aliyekula bila kulisha aliweza kukimbiwa, kwani mlima wa pili haukuwa mbali.

Karne ya 19 ilivuruga mizani hiyo. Njia ya msafara kutoka Pangani ilipita bondeni, magharibi na mashariki ya milima, na wafanyabiashara wa pwani walipanda nayo wakitafuta pembe za ndovu na, kwa masikitiko, watu. Bunduki na nguo zikawafanya vijana wenye ujasiri kuwa wakubwa kuliko wafumwa wao. Hongo ya mabondeni ikawapa baadhi ya watawala mali isiyotoka kwa raia, na mtawala ambaye mali yake haitoki kwa raia hana haja ya kuwasikiliza. Historia hiyo inawahusu watu wa mwambao na visiwa pia, kwa sababu mwisho wa njia ile ulikuwa ni majahazi na soko la Unguja.

Wadachi walipokuja waliikuta nchi iliyogawanyika. Mwaka 1897 serikali yao ilitangaza kodi ya nyumba, na kusudi lake halikuwa fedha tu. Kodi ya fedha taslimu humlazimisha mtu atafute fedha, na fedha zilikuwa kwa mlowezi. Tangu mwaka 1893 mkonge ulikuwa umeletwa Tanga kutoka Florida, nao ulihitaji mikono mingi. Reli ikajengwa kutoka Tanga, ikafika Mombo mwaka 1905, ikaendelea chini ya milima ya Upare hadi Moshi mwaka 1911. Same ikapata kituo, na mashamba ya mkonge yakaota mabondeni. Mpare akawa na njia mbili za kupata fedha ya kodi: auze alicholima, au ateremke akakate mkonge wa mwingine.

Kisha vikaja vita visivyo vyake. Mwaka 1914 Waingereza na Wadachi walianza kupigana Afrika Mashariki kwa ugomvi uliozuka Ulaya. Mwezi Mei 1916 jeshi la Jenerali Smuts liliteremka sambamba na reli na Mto Pangani, likiwasukuma askari wa von Lettow-Vorbeck, na mapigano yakapita chini ya milima ya Upare. Majeshi yote mawili yalikula yalipokuta chakula na yalichukua wapagazi yalipokuta watu. Wapagazi waliokufa Afrika Mashariki katika vita hivyo ni makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Wahenga wamesema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi, nao walisema kweli. Ila methali haikutaja kwamba baada ya vita nyasi hizo hizo hudaiwa gharama za tembo.

Waingereza waliposhika Tanganyika walipenda kujionyesha kuwa watawala wa namna nyingine. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alitangaza kutawala kwa kupitia wenyeji, na sheria ya mwaka 1926 ikawapa watawala wa kienyeji mahakama na hazina zao. Ushuru wa kale ambao raia walimpa mtawala ukafutwa, ukageuzwa kuwa mshahara unaotoka katika kodi. Jambo hilo lilionekana dogo na la kistaarabu. Lakini matokeo yake yalikuwa makubwa: mfumwa hakulishwa tena na raia wake, alilishwa na boma. Uzi uliomfunga aliyepokea na aliyetoa ukakatika, ingawa cheo, kiti na jina vilibaki vile vile. Tawala tisa za Upare zikaunganishwa katika baraza moja, na mkubwa wa kweli wa baraza hilo akawa Bwana Shauri aliyekaa Same.

Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 mzigo ulirudi. Zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini, wengi wakapelekwa Uhabeshi, Bukini na Burma. Japani ilipoziteka nchi za Asia ya kusini mashariki mwaka 1942, mataifa ya Muungano yalikosa katani ya Manila na mkonge wa Java, na mkonge wa Tanganyika ukawa bidhaa ya vita. Serikali ikatumia sheria za dharura kuwalazimisha watu wafanye kazi mashambani, jambo ambalo wakati wa amani ingeona haya kulitangaza. Bei za mazao zikapangwa na maofisa. Nguo na bidhaa za dukani zikaadimika na kupanda bei. Mkulima aliambiwa auze kwa bei ya serikali na anunue kwa bei ya soko. Tena aliambiwa kuwa haya yote ni kwa ajili ya kulinda uhuru wa watu dhidi ya madhalimu.

Katika hali hiyo ndipo kodi mpya ilipoletwa, miaka ya 1943 na 1944. Juu ya kodi ya kichwa, ambayo kila mwanamume alilipa kiasi kimoja, palitiwa kodi ya wenyeji ya kupanda na kushuka kwa kadiri ya mali. Mwenye kingi alipe kingi, mwenye kidogo alipe kidogo. Fedha zingeingia hazina ya wenyeji, ile iliyolipia mahakama, shule, zahanati na mishahara ya watawala. Baraza la watawala tisa likaridhia. Na ili watu waipokee kwa moyo mkunjufu, ikapewa jina la heshima la kale: mbiru.

Ni haki kusema kwamba kodi hiyo, ikisomwa karatasini, ilikuwa ya uadilifu kuliko ile iliyotangulia. Kodi ya kiasi kimoja humuumiza maskini kuliko tajiri. Hilo halihitaji elimu kubwa kulijua. Kwa nini basi maskini na matajiri walishuka pamoja kuipinga? Maofisa walidhani ni ujinga, au ni uchochezi wa wachache. Lakini Wapare walikuwa na hoja, na hoja zao zilikuwa nzito.

Ya kwanza ilihusu hesabu yenyewe. Ili mtu atozwe kwa kadiri ya mali yake, sharti mali hiyo ihesabiwe, na ili ihesabiwe sharti mtu aingie uani. Makarani na wakadiriaji walipita wakitazama ng'ombe, migomba, mibuni na mashamba, kisha wakaandika. Lakini ng'ombe aliye uani kwa mtu si lazima awe wake. Huenda amewekeshwa na ndugu, huenda ni wa mahari ambayo bado haijakamilika, huenda amekwisha kuahidiwa kwa deni. Shamba lenye mibuni mingi huenda lina maji machache, na mwenye shamba dogo karibu na ndiva akavuna zaidi. Mambo hayo yanajulikana na jirani, hayajulikani na karani. Karani huona kwato, haoni ahadi. Na palipo na kukadiria bila kujua pana nafasi ya kupendelea: aliye ndugu wa mtawala akaandikiwa kidogo, aliyegombana naye akaandikiwa kingi, na hapana pa kukata rufaa ila kwa yule yule aliyekadiria.

Hoja ya pili ilihusu ridhaa. Baraza lililoridhia lilikuwa la watu waliolipwa na boma. Raia hawakuulizwa. Watu wa nchi ile walikuwa na desturi ya kukaa na kujadili hata zamu ya maji, nayo kodi iliyogusa kila uwa ilipita bila wao kuketi. Hoja ya tatu ilihusu jina. Mbiru ya kale alipewa mfumwa aliyekuwa na wajibu wa kulisha. Kulitwaa jina hilo na kulitia katika kodi inayoandikwa na karani, inayolindwa na askari na isiyo na deni la kurudisha, kulikuwa ni kuchukua kumbukumbu ya watu na kuigeuza silaha dhidi yao.

Hawakusema kwamba hawatalipa kodi yoyote, na hilo ndilo lililowatatiza maofisa. Walisema wako tayari kulipa kodi ya kiasi kimoja, iliyo wazi, ambayo kila mtu anaijua na hakuna wa kuichezea. Walichokataa ni kukadiriwa.

Miongoni mwa waliowaongoza alikuwa Paulo Kajiru Mashambo, Msabato wa Upare Kusini, mtu aliyesoma na aliyejua kuandika madai kwa lugha ya wakubwa bila kupoteza lugha ya wadogo. Shule za misheni, za Walutheri na za Wasabato, zilikuwa zimekwisha kuzaa kizazi cha namna hiyo tangu mwanzo wa karne. Lakini nguvu ya Mbiru haikuwa ya mtu mmoja. Ilitoka katika mpangilio ule ule wa msaragambo: kila kijiji kilitoa watu wake, kila zamu ilijua mwanzo na mwisho wake, na chakula kilitembea milimani kama maji yanavyotembea katika mifereji. Serikali iliwakamata baadhi ya viongozi na kuwahamisha mbali na Upare, ikidhani kwamba nyuki watatawanyika malkia akiondolewa. Watu walibaki Same.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Wanaume wakiwa bondeni, mashamba ya milimani yalibaki na wanawake. Mwaka ukapita, na mwanzoni mwa mwaka 1946 subira yao ikaisha. Huko Usangi, kaskazini, Bwana Shauri alipozuru, mamia ya wanawake walimkusanyikia wakitaka jibu. Inasimuliwa kwamba walimwambia awarudishe waume zao, na asipowarudisha basi yeye mwenyewe awe mume wao wote na awazalishe. Kauli hiyo ilimfedhehesha mtawala katika jambo ambalo sheria zake hazikuwa na kifungu chake. Hakujibu; mawe yakarushwa. Siku chache baadaye wanawake waliandamana tena hadi kwa mtawala wao wa Usangi, wakapambana na askari, na baadhi yao wakatiwa ndani, na kufungwa kwao kukawaleta wenzao wengi zaidi. Mtafiti Jean O'Barr, aliyewahoji wanawake wa Upare miaka mingi baadaye, alionyesha kwamba wao hawakuwa mkia wa harakati za wanaume. Walikuwa wamezibeba harakati hizo vichwani mwao tangu siku ya kwanza, katika vikapu vya chakula.

Mwaka 1947 serikali ilisalimu amri bila kutumia neno hilo. Mbiru ikafutwa, kodi ya kiasi kimoja ikarudi. Watu wakapanda milima yao.

Kwa sadfa ya ajabu, miaka hiyo hiyo wasomi wa mbali walikuwa wakiandika juu ya mambo hayo hayo. Mwaka 1944 Friedrich Hayek, aliyekuwa akifundisha London, alichapisha kitabu kilichoonya kwamba serikali zilizozoea kupanga uchumi kwa sababu ya vita hazitakuwa tayari kuuachilia wakati wa amani, na kwamba njia hiyo huishia utumwani. Mwaka 1945 akaandika makala nyingine iliyosema kwamba maarifa ya uchumi yametawanyika kwa watu wengi, kila mmoja akijua mambo ya mahali pake na wakati wake, na kwamba hakuna ofisi inayoweza kuyakusanya yote. Karani wa Same na ng'ombe wa kuwekesha ni mfano wa hoja hiyo ulio bora kuliko mingi iliyomo vitabuni. Na karne moja kabla yake, mwaka 1846, Mmarekani Henry David Thoreau alilala usiku mmoja jela kwa kukataa kulipa kodi ya kichwa, akipinga utumwa na vita vya nchi yake dhidi ya Meksiko; insha aliyoitoa mwaka 1849 ingali inasomwa duniani kote.

Wenye itikadi ya uhuru binafsi, ambao wanaona serikali iwe ndogo, isiende kupigana ng'ambo na isiingilie soko, wangeweza basi kuwadai Wapare kuwa ni wenzao. Vita vya ng'ambo viliinenepesha serikali. Serikali iliyonenepa ilihitaji kuhesabu kila kitu. Kuhesabu kukazaa dhuluma. Mnyororo huo ni wa kweli, na Upare inaushuhudia.

Lakini ushirika huo una mpaka. Thoreau alikwenda jela peke yake, na mtu mmoja, kwa desturi, akamlipia akatoka asubuhi. Wapare hawakukataa kama mtu mmoja mmoja aliyetaka kuachwa na mali yake. Walikataa kama watu wenye ndiva. Mtu wa ndiva anajua kwamba maji yake yanategemea jembe la jirani, na faini ya msaragambo haimkeri kwa sababu alikuwapo ilipoamuliwa. Kwake kosa la mbiru halikuwa kwamba inachukua, bali kwamba inachukua bila kuuliza, bila kujua na bila kurudisha. Tajiri wa Upare angeweza kutozwa zaidi ya maskini na pasiwe na ugomvi, lau waliomtoza wangekuwa ni watu wake, waliokaa naye wakakubaliana. Ndiyo maana mwenye ng'ombe wengi na asiye na hata mbuzi walikaa jua moja la Same.

Wasomaji wa visiwani hawakosi mifano yao ya kulinganisha. Mwaka 1937 serikali ya Zanzibar ilikipa chama cha wakulima wa karafuu mamlaka ya pekee juu ya usafirishaji wa karafuu, kwa nia iliyotajwa kuwa ni kumwokoa mkulima na madeni. Wafanyabiashara wa Kihindi walisusa, Bara Hindi nayo ikasusia karafuu za Zanzibar, mpaka mwaka 1938 yakafikiwa mapatano. Na mwaka 1951, wanakijiji wa Kiembe Samaki walikataa ng'ombe wao wasichanjwe kwa amri. Waliokataa walihukumiwa, umati ukaja kuwakomboa, risasi zikafyatuliwa na watu wakafa. Vita vya Ng'ombe, kama vilivyoitwa, vilikuwa na sura moja na Mbiru: serikali inasema ni kwa faida yenu, raia anasema hata faida huingia kwa hodi. Tofauti ni kwamba Same hakukumwagwa damu kama ile, na sifa ya hilo ni ya walioketi kuliko walioketiwa.

Matunda ya Mbiru hayakuwa kodi tu. Mwaka 1946 uliundwa umoja wa Wapare, na TANU ilipozaliwa mwaka 1954 haikuwa na kazi ya kuwafundisha watu wa milima hiyo maana ya kukataa kwa pamoja. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru iliufuta utawala wa machifu, na wafumwa wale waliolishwa na boma wakaondoka pamoja na boma lililowalisha.

Hata hivyo maswali ya mwaka 1945 hayakuondoka nao. Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969, ikarudi miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, ikafutwa tena mwaka 2003, na wazee wengi wanakumbuka vijana waliokimbilia vichakani siku za wakusanyaji. Miaka ya 1970 wananchi walihamishiwa vijijini kwa amri, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika, vilivyojengwa na wakulima wenyewe, vilivunjwa kwa uamuzi wa juu. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, ambavyo tofauti na vile viwili vya kwanza vilianza kwa nchi yenyewe kuvamiwa, viliacha hazina tupu, na miaka ya foleni za sukari na sabuni ikafuata. Serikali hizo zilikuwa za wananchi, na nia zao aghalabu zilikuwa njema. Lakini nia ya waliotunga mbiru nayo, karatasini, ilikuwa njema. Tofauti baina ya kodi na unyang'anyi haikai katika nia ya anayetoza, wala katika jina zuri la kale lililobandikwa juu yake.

Milimani Upare ndiva zingalipo, nyingine zimejengewa saruji, nyingine zimejaa tope. Tope hilo halitolewi kwa barua. Hupigwa mbiu, watu wakakutana, wakabishana nani alete nini na nani amekosa mara iliyopita, kisha majembe yakashuka. Wale waliokaa Same mwaka 1945 walikuwa wakiiomba serikali kitu kisichozidi hicho: ije kwenye mkutano kabla ya kuja na daftari.